Kabla hujabonyeza Y: ninavyosasisha kompyuta za steshenari Mwenge

Kompyuta saba za steshenari moja pale Mwenge ziko mikononi mwangu. Sita zina Ubuntu 24.04 (mfumo wa kompyuta unaotumika badala ya Windows; namba ni ya toleo). Ya saba, ile ya kaunta, imebaki 22.04 kwa sababu ya printa ambayo nitaieleza. Kazi zake mnazijua: kuchapa, kutoa kopi, kuskani vyeti, picha za pasipoti, na msimu wa maombi ya vyuo foleni inafika hadi barazani. Nataka kuwaonyesha namna ninavyopandisha matoleo ya programu kwenye mashine hizo bila kuvuruga biashara ya watu. Ukiwa na Debian au Linux Mint, mifumo ya ukoo mmoja na Ubuntu, amri karibu zote ni zilezile.

Tukubaliane kwanza juu ya neno moja. Programu kwenye Ubuntu huja zimefungwa katika vifurushi, navyo hushushwa kutoka kwenye hazina ya mtandaoni kwa chombo kiitwacho apt. Najua hapa mjini ukisema kifurushi mtu anawaza MB, kwa hiyo humu kifurushi ni cha programu, na cha intaneti nitakiita bando.

Jumatatu ile

Jumamosi moja jioni nilikuwa nimebakiza kompyuta ya kaunta peke yake. Nikaandika `sudo apt full-upgrade` (sudo ni kutoa amri kwa mamlaka ya msimamizi wa mashine), orodha ndefu ikashuka kwenye skrini, mwishoni ikaniuliza kama niendelee. Nikabonyeza Y, ikamaliza, nikazima, nikatoka kuwahi daladala.

Jumatatu saa mbili kasoro asubuhi simu ikaita. Alikuwa kijana wa kaunta: "Dada, shikamoo. Printa kubwa haionekani kabisa kwenye kompyuta." Nikafika, nikamkuta mwenye duka amesimama mlangoni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Wanachuo wanne wameshaondoka na fleshi zao."

Nilichofungua kwanza ni faili la kumbukumbu, `/var/log/apt/history.log`. Kila mara apt inapofanya kazi huandika humo tarehe, amri iliyotolewa, na kila kifurushi kilichoguswa pamoja na toleo lake la zamani na jipya. Nikashuka hadi mwisho. Chini ya `Upgrade:` majina mengi. Chini ya `Remove:` jina moja tu: draiva ya printa, programu inayoiwezesha kompyuta kuwasiliana na printa.

Draiva ile haikutoka kwenye hazina ya Ubuntu. Niliishusha kama faili la .deb (kifurushi kizima katika faili moja) kutoka kwa watengenezaji, na ndani yake imeandikwa kwamba inahitaji maktaba fulani (kipande cha programu kinachotumiwa na programu nyingine) isiyozidi toleo fulani. Miezi miwili kabla ya hapo nilikuwa nimeongeza hazina ya nje ili nipate LibreOffice, programu ya kuandikia nyaraka, iliyo mpya zaidi, na hazina ile ikaja na toleo la maktaba lililozidi kile kiwango. Viwili hivyo haviwezi kukaa pamoja. Amri ya `full-upgrade` ina ruhusa ya kuondoa kifurushi kimoja ili kingine kipande, ikaitumia. Tena iliniambia. Juu ya lile swali la kuendelea kulikuwa na mstari unaosema:

`The following packages will be REMOVED:`

na mimi sikuusoma. Faili la .deb lilikuwa kwenye fleshi nyumbani Tabata. Nilipanda bodaboda kwenda na kurudi, na printa ikatoa karatasi ya kwanza saa nne na nusu. Kurudisha hazina ilivyokuwa nilitumia `ppa-purge`, chombo kinachoiondoa hazina ya nje na kuvishusha vifurushi vyake hadi matoleo ya Ubuntu yenyewe. Kisha nikaweka draiva upya kwa `sudo apt install ./` ikifuatiwa na jina la faili. Ile nukta na mkwaju (`./`) usiviache. Bila hivyo apt itatafuta jina hilo kwenye hazina badala ya kwenye folda uliyopo.

Utegemezi ni nini hasa

Hakuna programu inayojitegemea kwa kila kitu. Inayofungua picha hutumia maktaba ya kusoma JPEG, na maktaba hiyohiyo hutumiwa na kivinjari, na LibreOffice, na skana. Maktaba moja, watumiaji kumi. Ndiyo maana ukigusa kitu kidogo usichokijua jina, kitu kikubwa unachokitumia kila siku kinaweza kuyumba.

Kuna maswali mawili ya kuuliza, na kila moja lina amri yake. Mfano wangu ni cups, programu inayosimamia uchapaji, na maktaba yake libcups2. Hiki kinahitaji nini?

`apt depends cups`

Na nani anakihitaji hiki?

`apt rdepends libcups2`

La pili ndilo ninalolitumia zaidi, maana ndilo linalonionyesha nitakayemuumiza. (Kwenye 24.04 maktaba hiyo inaitwa `libcups2t64`. Majina mengi ya maktaba yaliongezewa mkia huo.) Ukitaka kujua kwa nini kifurushi fulani kipo kwenye mashine yako wakati hukumbuki kukiweka, weka programu ya `aptitude` kisha uliza `aptitude why` na jina lake. Nayo `apt policy` ikifuatiwa na jina hukuonyesha toleo ulilonalo, toleo linalopatikana, na hazina linakotoka. Kama ningeuliza hivyo Jumamosi ile, ningeiona hazina ya nje papo hapo.

Utaratibu wangu wa sasa

Nafanya Jumapili asubuhi duka likiwa limefungwa. Naanza na mashine moja ya nyuma, inayotumika kuchapa tu. Nyingine zinasubiri siku mbili.

`sudo apt update`

Amri hii haibadilishi programu yoyote. Inaleta orodha mpya kutoka kwenye hazina, basi. Wengi huishia hapa wakidhani wamesasisha. Angalia mistari inayoanza na `Err`: hiyo ina maana hazina fulani haikufikiwa, na orodha yako ya upande huo ni ya zamani. Irekebishe kabla hujaendelea.

`apt list --upgradable`

Hapa natazama kitu kimoja hasa. Baada ya jina la kifurushi kuna mkwaju na jina la hazina. Yakiwemo maneno `noble-security` kwa 24.04, au `jammy-security` kwa 22.04, hilo ni ziba la usalama, yaani marekebisho ya kuziba tundu, na sitaliahirisha. Mengine yanaweza kusubiri wiki.

`apt -s upgrade`

Herufi s ni ya majaribio. Mashine inakuonyesha kila itakachofanya bila kugusa chochote, na wala haihitaji sudo. Hapo ndipo ninapokaa na kikombe cha chai na kusoma. Majina yaliyotanguliwa na `Inst` ni yanayowekwa au kupandishwa. Yaliyotanguliwa na `Remv` ni yanayoondolewa. Nikijaribu kwa `apt -s full-upgrade`, nazitafuta Remv peke yake:

`apt -s full-upgrade | grep Remv`

Isipotoa kitu, hakuna kinachoondolewa. Ikitoa jina, siendelei mpaka nijue jina hilo ni la nani, kwa rdepends ile ya juu. Kwenye Debian 13, yenye apt 3.0, vitakavyoondolewa huonekana kwa rangi nyekundu. Ni msaada mkubwa kwa macho yaliyochoka, ila kusoma bado ni juu yako.

Tofauti ya `apt upgrade` na `apt full-upgrade` ndiyo hiyo: ya kwanza inaweza kuongeza kifurushi kipya kikihitajika lakini haiondoi kamwe, ya pili inaweza kuondoa. Kwa kazi ya kila wiki ya kwanza inatosha.

Wakati mwingine utaambiwa baadhi ya vifurushi vimezuiliwa, `kept back`, au vimeahirishwa, `deferred due to phasing`. Usivilazimishe. Ubuntu huachia baadhi ya matoleo mapya kwa awamu, kundi moja la mashine kwanza, ili kosa likiwepo lionekane kabla halijamfikia kila mtu. Zamu yako ikifika vitapanda vyenyewe. Nimeona watu wakivifukuzia kimoja kimoja kwa `apt install`, na hapo unajiweka katika kundi la kwanza la wajaribu kwa hiari yako.

Bando

Kabla ya swali la Y kuna mstari mwingine wa kuusoma:

`Need to get 418 MB of archives.`

Zidisha kwa mashine saba: 2,926 MB, karibu GB 3 za bando la mama mwenye duka kwa asubuhi moja. Kwa hiyo nafanya mambo mawili.

Kama nina bando la usiku, napakua usiku bila kuweka chochote:

`sudo apt upgrade --download-only`

Mafaili yanakaa kwenye `/var/cache/apt/archives`, asubuhi natoa amri ya kawaida na mashine inayatumia yaliyopo.

La pili ndilo lililopunguza gharama kweli. Kwenye mashine moja niliweka `apt-cacher-ng`. Huyu anasimama kati ya kompyuta zako na hazina: kompyuta ya kwanza ikiomba kifurushi anakipakua na kukihifadhi, ya pili ikiomba kilekile anampa kutoka kwenye diski. Kwenye kila kompyuta nyingine unatengeneza faili `/etc/apt/apt.conf.d/00proxy` lenye mstari mmoja:

`Acquire::http::Proxy "http://192.168.1.10:3142";`

Hiyo 192.168.1.10 ni anwani ya mashine yenye ghala. Weka ya kwako, na hakikisha haibadiliki kila ruta inapozimwa. Ile 3142 ni bandari, yaani namba ya mlango ambao apt-cacher-ng inapokelea maombi. Mashine sita za 24.04 sasa zinashusha mara moja. Ile ya 22.04 inashusha vya kwake, kwa sababu matoleo yake ni tofauti. Hazina zinazopita kwenye https hazihifadhiwi hivi hivi, lakini za Ubuntu kwa kawaida hupita http na saini za vifurushi hukaguliwa na apt yenyewe, kwa hiyo hakuna hatari hapo.

Umeme ukikatika katikati

Mvua za masika zimenifundisha hili. Kifurushi huwekwa kwa hatua mbili: kwanza hufunguliwa na mafaili kunakiliwa, kisha husanidiwa. Umeme ukikatika kati ya hatua hizo, kifurushi kinabaki nusu. Ukiwasha, mashine inaweza kuwaka vizuri tu, lakini apt inakataa kufanya kazi. Usianze kufuta vitu. Toa amri hizi kwa mpangilio huu (dpkg ni chombo ambacho apt hukitumia kuweka vifurushi):

`sudo dpkg --configure -a`

`sudo apt --fix-broken install`

Ya kwanza inamalizia usanidi uliokatika. Ya pili inatafuta vitegemezi vilivyokosekana na kuvileta. Na hii ya pili nayo inaweza kupendekeza kuondoa kitu, kwa hiyo kanuni ni ileile: soma. Ukimaliza, `sudo dpkg --audit` ikinyamaza bila kuandika kitu, kazi imekamilika.

Ujumbe mwingine unaowatisha watu ni huu: `Could not get lock /var/lib/dpkg/lock-frontend`. Mtandaoni kuna watu wanaoshauri ulifute faili hilo. Nakuomba usifanye hivyo. Kufuli lipo kwa sababu kuna kazi inaendelea, mara nyingi `unattended-upgrades`, huduma ambayo Ubuntu huiwasha yenyewe ili iweke maziba ya usalama. Ukilivunja, wawili wataandika kwenye orodha moja kwa wakati mmoja. Subiri dakika kumi. Mashine yenyewe hukutajia namba ya kazi iliyoshika kufuli, na unaweza kuitazama inavyoendelea.

Mimi siku hizi siisasishi mashine ya kaunta bila UPS, hata kama jua linawaka.

Kufunga kifurushi kisiguswe

Draiva ya printa sasa imefungwa:

`sudo apt-mark hold` na jina la kifurushi.

Kilichofungwa hakipandi na apt inajitahidi kukiacha kilipo, hata ikibidi maktaba inayogombana nacho ibaki nyuma. Ubaya wake ni kwamba mtu hufunga na kusahau, halafu kinakaa miaka bila ziba la usalama. Kila mwanzo wa mwezi naandika `apt-mark showhold` na kujiuliza kama sababu bado ipo. Kufungua ni `unhold`. Faili la .deb la draiva lenyewe sasa lipo sehemu tatu: kwenye kompyuta ya kaunta, kwenye fleshi iliyo kwenye droo ya duka, na kwangu.

Kuhusu kurudi nyuma: unaweza kuandika `sudo apt install jina=toleo`, ukichukua namba ya toleo kutoka history.log. Lakini hazina ya Ubuntu haiweki kila toleo lililowahi kutoka. Mara nyingi utakuta lile la siku mfumo ulipotolewa na lile la mwisho, ya katikati hayapo. Kwa programu ambayo duka halifunguki bila hiyo, hifadhi .deb inayofanya kazi kabla ya kupandisha.

Kuna pia `sudo apt autoremove`, inayofagia vitegemezi visivyohitajika tena na kerneli (viini vya mfumo) za zamani. Ni nzuri, inaokoa nafasi, ila ikikuletea orodha ndefu usiyoitegemea, kuna kifurushi kikubwa kiliondolewa huko nyuma na sasa inataka kuwafagia wafuasi wake. Unachotaka kibaki kiandike `sudo apt-mark manual` na jina lake.

Skripti ya picha za pasipoti

Nimeandika skripti, programu fupi ya lugha ya Python, inayopunguza picha na kuzipanga nane kwenye karatasi moja. Inatumia maktaba iitwayo Pillow. Siku moja mwaka 2023 nikaipandisha Pillow bila kuangalia, mteja akakaa kwenye stuli akapigwa picha, na skripti ikatoa hii:

`AttributeError: module 'PIL.Image' has no attribute 'ANTIALIAS'`

Pillow ilikuwa imetoka 9 kwenda 10, na katika 10.0 jina ANTIALIAS liliondolewa. Linalotumika ni LANCZOS. Watunzaji wake walianza kuonya tangu toleo 9.1, mwaka 2022. Onyo hilo skripti yangu ilikuwa inaliandika na dirisha linajifunga kabla sijaliona. Marekebisho yalikuwa neno moja, lakini yalifanyika mteja akiwa amekaa.

Namba ya kwanza ya toleo ndiyo ya kuiogopa. Kutoka 9.4 kwenda 9.5 napandisha nikijaribu mara moja; kutoka 9 kwenda 10 nasoma kwanza kilichoondolewa.

Maktaba za Python hushushwa kwa chombo kiitwacho pip, lakini usitumie `sudo pip`. Maktaba za mfumo ni za apt, na pip ikiingilia wanagombana. Tangu Debian 12 na Ubuntu 23.04 mfumo wenyewe unakataa na kuandika `externally-managed-environment`. Ukiona hivyo usitafute namna ya kuulazimisha. Tengeneza chumba cha peke yake kwa ajili ya skripti (weka `python3-venv` kwanza kwa apt):

`python3 -m venv ~/picha/venv`

Kisha kila unapotaka kupandisha, andika hali ilivyo kwanza:

`~/picha/venv/bin/pip freeze > ~/picha/kabla.txt`

`~/picha/venv/bin/pip list --outdated`

`~/picha/venv/bin/pip install --upgrade Pillow`

`~/picha/venv/bin/pip check`

Pip haina amri ya kupandisha vyote kwa mkupuo, na kwa maoni yangu hiyo ni neema. Panda kimoja, jaribu kazi halisi (mimi napanga karatasi nzima ya picha na kuichapa), kisha kingine. `pip check` hukwambia kama maktaba mbili sasa zinataka vitu visivyopatana. Mambo yakienda kombo, `pip install -r ~/picha/kabla.txt` inakurudisha ulipotoka.

Faili lile la kabla.txt lina kazi nyingine. Ubuntu 22.04 ina Python 3.10, 24.04 ina 3.12. Ukihamisha mfumo mzima, chumba cha venv kinavunjika na inabidi ukijenge upya. Orodha hiyo ndiyo unayojengea.

Mama aliniuliza

Baada ya Jumatatu ile mama aliniuliza swali la haki kabisa: "Mwanangu, kitu kinafanya kazi, kwa nini ukiguse?" Nikamweleza habari za WannaCry. Mei 2017 kirusi hicho kilifunga mafaili ya kompyuta za Windows duniani kote, zikiwemo za hospitali za Uingereza, na ziba la tundu lililotumika lilikuwa limetolewa Machi, miezi miwili kabla. Waliopigwa walikuwa wale ambao hawakuwa wamelipokea. Kwetu sisi fleshi mia za wateja zinaingia kila siku, na vyeti vya watu viko kwenye diski zetu.

Akatikisa kichwa, akasema basi usasishe, lakini si Jumamosi jioni.

Kuhama mfumo mzima, kwa `sudo do-release-upgrade`, nimekufanya kwenye mashine sita, moja kwa wiki, nikinakili mafaili yote nje kwanza. Zana hiyo huzima hazina za nje kabla ya kuanza, kwa hiyo andika pembeni zilizokuwepo. Pia haikupeleki kwenye toleo jipya la LTS (lile linalotunzwa kwa miaka mingi) mpaka marekebisho yake ya kwanza yatoke, lile lenye .1 mwishoni, na sioni sababu ya kuikimbiza.

Mashine ya kaunta siihamishi. Draiva yake haina toleo la 24.04 na printa yenyewe bado ina nguvu. Lakini maziba ya kawaida ya usalama ya 22.04 yanaisha Aprili 2027. Nimemwandikia mama tarehe hiyo kwenye karatasi, ameibandika ukutani juu ya printa, na kila Ijumaa jioni akifunga hesabu anatenga kidogo cha kununulia nyingine.